Pointi Moja ya Singapore: Kisa cha Kijiwe cha Mashabiki wa Formula 1 Arusha

Kisa hiki kilitokea Unga Limited, Arusha, kati ya Septemba na Desemba 2024. Nilikuwa katibu wa kijiwe, kwa hiyo baadhi ya makosa nitakayoyataja ni yangu. Majina nimeyaondoa na watu nawaita kwa kazi zao. Mambo machache ambayo yangemtambulisha mtu nimeyageuza. Ya mbio zenyewe nimeyaacha kama yalivyo.

## Kijiwe na kaunta buku

Gereji ni ya magari ya watalii. Land Cruiser zinarudi kutoka Serengeti zimelegea kila nati, zinashushwa springi, zinapigwa rangi, zinarudi porini. Nyuma kuna chumba ambacho Mwenye Gereji alikiwekea runinga kubwa na king'amuzi, na hapo ndipo tulipokuwa tukikutana Jumapili kuangalia Formula 1, mbio za magari za ubingwa wa dunia. Tulikuwa watu 23: mafundi wa pale pale, madereva wa watalii watano, muuza spea, mwalimu mstaafu, bodaboda wawili na wengine wa mtaani. Kila mmoja alitoa shilingi 10,000 kwa mwezi. Pesa hiyo ililipia kifurushi na umeme, na kilichobaki kiliwekwa akiba ya mbuzi wa Desemba.

Mbuzi ndiye kiini cha kisa. Kila mbio, kabla magari hayajaondoka, kila mtu aliandikiwa utabiri wake kwenye kaunta buku: wa kwanza, wa pili, wa tatu, na atakayeweka mzunguko wa kasi kuliko yote. Ukipatia wa kwanza ulipata pointi 5, wa pili 3, wa tatu 2. Mwenye pointi nyingi mwisho wa mwaka anakabidhiwa mbuzi, na kwa desturi anamchinja palepale tunakula wote. Hata hivyo kukabidhiwa ni heshima, na watu waliipigania kama wanapigania kiwanja.

Kanuni ziliandikwa ndani ya jalada, kwa mkono wangu, mwezi Machi. Mstari wa mwisho ulisema hivi: "Mzunguko wa kasi: pointi 1." Hakuna neno jingine baada ya hapo. Ukurasa huo una alama ya dole gumba lenye grisi, na ni juu ya mstari huo huo, kwa sababu baadaye kila mtu aliuonyesha kwa kidole.

## Jumapili ya Singapore

Septemba 22, saa tisa alasiri, mbio ya 18 kati ya 24 za msimu ule. Lando Norris wa McLaren aliongoza mwanzo mpaka mwisho na kumwacha Max Verstappen kwa sekunde zaidi ya 20. Oscar Piastri alikuwa wa tatu. Dereva wetu mmoja wa watalii, ambaye alikuwa anaongoza kwenye kaunta buku, alikuwa ameandika vivyo hivyo: Norris, Verstappen, Piastri, na Norris kwenye mzunguko wa kasi. Alikuwa amekwisha kusimama na kunyoosha mikono.

Ikiwa imebaki mizunguko michache, Daniel Ricciardo wa timu ya RB, aliyekuwa nyuma kabisa na hana cha kupoteza, akaingia kubadilishiwa matairi laini, yale ya kasi. Akatoka na kuweka mzunguko wa kasi kuliko wote. Kwa sheria za wakati ule, pointi ya ziada ilitolewa tu kama aliyeuweka amemaliza ndani ya kumi bora. Ricciardo alimaliza wa 18. Kwa hiyo pointi hiyo hakuipata mtu, lakini Norris, aliyekuwa akimfukuza Verstappen kwenye ubingwa, aliikosa.

Sasa RB ni ya nani? Ni ya Red Bull, ileile yenye timu ya Verstappen. Ni iliyokuwa Minardi ya Italia, iliyonunuliwa mwaka 2005. Verstappen alimshukuru Ricciardo redioni. Viongozi wa RB walieleza kwamba walimpa kijana wao nafasi ya kuaga vizuri, kwani ilidhaniwa ni mbio yake ya mwisho, na kweli ikawa ya mwisho. Inawezekana yote mawili ni kweli. Pale gerejini hakuna aliyetaka kusikia "inawezekana".

Na hapo ndipo Saidia Fundi alipoinuka. Kijana huyu alimpenda Ricciardo kwa tabasamu lake, na mbio zote 18 alimwandika yeye kwenye mzunguko wa kasi. Tulimcheka tangu Machi.

"Katibu, niandikie pointi yangu."

"Pointi gani, chalii? Mwenyewe Ricciardo hajapewa," Dereva akadakia.

"Hapa imeandikwa mzunguko wa kasi. Nani kauweka?"

Nilifungua jalada. Nikasoma mstari wangu. Nikagundua kwamba wote wawili wana haki.

## Kura ya dakika kumi

Mwenyekiti wetu ni mtu mwema asiyependa kelele, na wakati mwingine hilo ni tatizo. Mwenye Gereji alisema kwa sauti kubwa kwamba kitu chenyewe hakina maana, kifutwe tu. Mwenyekiti akaona njia ya kutokea. Akapendekeza pointi za mzunguko wa kasi zifutwe zote, tangu mbio ya kwanza ya mwaka, ili "tuwe sawa". Tulikuwa 15 chumbani. Tisa waliinua mikono, wanne walikataa, wawili walinyamaza. Nikapiga mstari kwa kalamu nyekundu kwenye safu nzima.

Hesabu ilifanyika baada ya kura, na ilitakiwa ifanyike kabla. Dereva alikuwa na pointi 74, saba kati ya hizo za mzunguko wa kasi. Akabaki na 67. Mpaka Rangi wa gereji alikuwa na 71, mbili tu za mzunguko wa kasi. Akawa na 69. Kiongozi amebadilika, na hakuna gari lililotembea hata mita moja.

Kisha mtu akahesabu mikono upya. Kati ya tisa waliokubali, saba walikuwa Mwenye Gereji na watu anaowalipa mshahara, Mpaka Rangi akiwemo. Dereva hakupiga kelele. Alichukua kofia yake akasema: "Kumbe na sisi tuna Red Bull na RB yetu." Akaondoka, na madereva wenzake wakamfuata.

Nasema kwa uhakika kwamba Mwenye Gereji hakupanga kitu. Nimemjua miaka mingi. Lakini fundi gani ataacha mkono chini wakati mwajiri wake ameinua wa kwake, tena Jumapili, na Jumatatu kuna kazi?

## Mjadala uliovuka ukuta wa gereji

Mwezi uliofuata tulibishana kuliko tulivyoangalia mbio. Ubishi ulianzia kwenye mbuzi, ukafika kwa wenye Formula 1 yenyewe. Naueleza kwa urefu kwa sababu ndio uliotufundisha.

Kundi la mafundi lilisema mwenye mali ndiye mwenye sauti. Wamarekani wa Liberty Media wameinunua Formula 1, kazi iliyokamilika Januari 2017 kwa thamani ya dola bilioni 8 pamoja na madeni, kwa hiyo wao ndio wanaobadili sheria wanavyotaka ili runinga ichangamke. Hoja hii inasikika kila kijiwe, na nusu yake si kweli.

Mwalimu mstaafu ndiye aliyeipasua. Alitumia mfano wa fremu za dukani, na kila mtu akaelewa. Ubingwa ni mali ya shirikisho la magari duniani, FIA. Hilo ndilo lenye fremu. Mwaka 2001 FIA ilimpa Bernie Ecclestone, aliyekuwa bosi wa biashara ya Formula 1, na kampuni zake haki za biashara kwa mkataba wa miaka 100, unaohesabiwa kuanzia 2011. Haki hizo zikapita kwa kampuni ya uwekezaji ya CVC, kisha Liberty. Kwa hiyo Liberty ni mpangaji mwenye mkataba mrefu kuliko umri wetu sote: anauza matangazo, anapanga kalenda na miji, anagawa mapato kwa timu. Lakini kanuni za ukutani ni za mwenye fremu. Kubadili kanuni kunapita kwenye kamisheni ambayo wakati ule ilikuwa na kura 30, FIA 10, wenye haki za biashara 10, na timu kumi moja moja. Badiliko la msimu ujao lilihitaji kura 25. Badiliko la katikati ya msimu lilihitaji 28.

Akarudia: "Ishirini na nane kati ya thelathini. Sisi tumegeuza msimu mzima kwa tisa kati ya kumi na tano."

Muuza spea akauliza, kama mwenye fremu na mpangaji ni wawili, je, huwa wanagongana? Wanagongana. Oktoba 2023 FIA iliikubali timu ya Andretti ya Marekani iingie. Januari 2024 wenye haki za biashara wakaikataa. Mlango mmoja, funguo mbili. Mradi ule ulirudi baadaye kwa sura nyingine, ukiwa na General Motors na jina la Cadillac, na ndipo ukapita.

Mzee mmoja hapendi Formula 1, huja kwa ajili ya kahawa na ubishi. Yeye ni mtu wa rali. Utotoni aliona magari ya Safari Rally yakipita na vumbi, enzi mashindano yale yaliyoanza 1953 yalipokuwa yakikatiza Kenya, Uganda na Tanganyika. Alisema ugonjwa huu hata kwao upo. Ubingwa wa dunia wa rali uligeuza mgawanyo wa pointi mwaka 2024, nyingi zikatolewa kwa msimamo wa Jumamosi na nyingine kwa mbio za Jumapili peke yake. Februari, Esapekka Lappi akashinda Sweden akapata pointi 19, na Elfyn Evans wa pili akapata 24. "Wa pili amemzidi wa kwanza! Hata mjukuu wangu angekataa hesabu hiyo." Mwaka 2025 waliirekebisha, mshindi akarudishiwa 25 zake. Lakini Mzee alisisitiza jambo ambalo vijana hawakulitilia maanani: kanuni ile mbovu haikuguswa katikati ya msimu. Waliolalamika walilalamika, na hesabu ikaendelea hivyo hivyo.

Mafundi walijibu kwa Abu Dhabi ya Desemba 12, 2021, kwamba hata wakubwa hupindisha kanuni mbio zikiendelea, na walikuwa na hoja. Lewis Hamilton na Verstappen waliingia mbio ya mwisho wakiwa na pointi 369.5 kila mmoja. Nicholas Latifi akagonga ukuta, gari la usalama likatoka kupunguza mwendo wa wote, na Michael Masi, mkurugenzi wa mbio wa FIA, akaruhusu magari matano tu yaliyozungukwa (yaliyoachwa mzunguko mzima), yale yaliyokuwa kati ya wale wawili, yapite mbele. Ukabaki mzunguko mmoja. Verstappen mwenye matairi mapya akampita Hamilton na kuwa bingwa. Uchunguzi wa FIA wa Machi 2022 ulisema lilikuwa kosa la kibinadamu lililofanywa kwa nia njema. Matokeo yakabaki, na kanuni ikabadilishwa neno moja: paliposema gari "lolote" lililozungukwa, pakaandikwa "yote".

Niliposikia hivyo nikaitazama kaunta buku. Neno moja. Mimi nilikuwa nimeacha sentensi nzima.

## Kikao cha Oktoba 26

Madereva watano walikuwa wamesimamisha michango, shilingi 50,000 pungufu. Kifurushi kikakatika siku mbili kabla ya mbio ya Marekani, iliyorushwa saa nne usiku Oktoba 20. Tulikaa mbele ya kioo cheusi, tukifuata matokeo kwenye simu ya bodaboda yenye bando la mia tano.

Siku chache kabla ya hapo, Oktoba 17, baraza la FIA lilikuwa limetangaza kufuta pointi ya mzunguko wa kasi, iliyokuwapo tangu 2019. Mwenyekiti alifurahi sana, akaona amethibitishwa. Nilimwomba asome tangazo mpaka mwisho: inafutwa kuanzia msimu wa 2025. Norris hakurudishiwa kitu. Hakuna pointi ya nyuma iliyoguswa. Wakubwa walikuwa wamekubaliana nasi kuhusu kanuni na kutukatalia kuhusu tarehe.

Hilo ndilo lililomleta Dereva kwenye kikao. Tulikaa Jumamosi jioni, watu 19, viti vya plastiki uani, si kwenye chumba cha runinga. Mahali palichaguliwa na Mwalimu na hakueleza kwa nini. Tuliamua mambo manne. Pointi za mzunguko wa kasi zirudishwe na zihesabiwe mpaka Desemba, zifutwe mwaka unaofuata. Saidia Fundi apewe pointi yake ya Singapore, kwa sababu maandishi yenye mashaka husomwa kumfaidi aliyeyaamini, siyo aliyeyaandika. Kanuni isibadilishwe baada ya mbio ya kwanza ya msimu. Na la nne, ambalo lilituuma: mwenye runinga na king'amuzi asipige kura kwenye mambo ya pointi.

La nne lilipita kwa kura 11. Mwenye Gereji alikaa kimya kidogo, akafuta mikono kwa tambara. Akasema, "Sawa. Runinga ni ya nani?" Hakuna aliyejibu. Akaingia ndani.

## Matokeo

Msimu uliisha Desemba 8. Verstappen alikuwa bingwa kwa pointi 437 dhidi ya 374 za Norris. Tofauti ni 63, kwa hiyo ile pointi ya Singapore haikumsaidia wala kumdhuru mtu yeyote duniani isipokuwa sisi. Kichekesho ni kwamba mbio ya mwisho, Abu Dhabi, mzunguko wa kasi uliwekwa na Kevin Magnussen aliyemaliza wa 16. Hadithi ileile. Safari hii hakuna aliyekuwa amemwandika, kwa hiyo tulicheka.

Mbuzi alichukuliwa na Mpaka Rangi, 93 kwa 91, kwa hesabu kamili yenye mizunguko ya kasi ndani yake. Dereva alipotezwa na Las Vegas, iliyokimbiwa Jumapili Novemba 24 saa tatu asubuhi kwetu. Alikuwa Serengeti na wageni, mtandao hamna, utabiri haukufika kabla ya magari kuondoka. Kanuni ilisema usipoandika hupati. Hakulalamika, alishika mguu mmoja wa mbuzi wakati wa kuchuna. Uamuzi wetu wa Septemba ungempa Mpaka Rangi mbuzi yuleyule, lakini Desemba nzima watu wangesema kapewa.

Januari Mwenye Gereji alikihamishia king'amuzi nyumbani kwake. Hakugombana na mtu. Alisema watoto wanataka katuni.

## Uchambuzi: kilichofaa na kilichotukwamisha

Kosa la kwanza ni langu, la mwezi Machi. Mstari wa maneno manne haukujibu swali lolote ambalo lingeulizwa siku ngumu. Niliuandika nikimfikiria Norris au Verstappen, sikumfikiria mtu wa nyuma kabisa mwenye matairi mapya. Kanuni inafaa isomwe kwanza na mtu mwenye nia ya kuipindua. Saidia Fundi angeipindua Machi ileile kama ningemwonyesha.

La pili ni kura ya Septemba, na hapa natofautiana na wenzangu wengi. Wao wanalaumu wingi wa mafundi. Mimi nalaumu saa. Kura ilipigwa dakika kumi baada ya jambo, kila mtu anajua nani anaongoza, na ikaelekezwa nyuma. Hata kama 15 wote wangekubali, Dereva angekuwa amenyang'anywa pointi alizozipata kihalali tangu Machi. Formula 1 yenyewe imewahi kutunga upuuzi: pointi maradufu mbio ya mwisho ya 2014, zikafutwa baada ya msimu mmoja, na mfumo wa kuondoa madereva mmoja mmoja kwenye kufuzu (kupanga nafasi za kuanzia mbio) mwaka 2016, ukadumu mbio mbili. Ule wa 2016 uliondolewa katikati ya msimu kwa sababu timu zote ziliukataa, na waliokwisha kufuzu chini yake hawakufutiwa nafasi zao.

Kilichofaa zaidi ni mfano wa fremu. Kabla yake tulichanganya maswali matatu: nani anamiliki, nani anatunga kanuni, nani anaamua siku ya tukio. Tulipoyatenganisha kwa Liberty, FIA na Masi, tukaweza kuyatenganisha kwa Mwenye Gereji, kikao na katibu bila mtu kuhisi anatukanwa. Kuzungumzia Singapore kulituruhusu kusema mambo ambayo uso kwa uso yangeleta ngumi.

La nne la Oktoba bado linanisumbua. Kwa hoja lilikuwa sahihi. Mwenye mitambo hapaswi kuwa na kura kuhusu nani anashinda, na wanaomtegemea kwa mshahara hawapo huru. Lakini tulimwondolea kura mtu aliyetulipia umeme wa mwaka mzima, mbele ya vijana wake, bila kumpa nafasi nyingine. Tungeweza kwanza kwenda kwake watu wawili, Mwalimu na Mzee, jioni, kwa heshima. Tungeweza pia kuanza kumlipa kodi ya chumba, ili naye awe na mkataba kama wa Liberty: chake kijulikane, chetu kijulikane. Tulichukua nusu ya mfano wa fremu iliyotufaa sisi, tukaacha nusu iliyomfaa yeye.

Msimu wa 2025 tuliuangalia Kijenge, kwa mama anayeuza supu, watu 15. Tunamlipa kwa mwezi na karatasi ipo. Mpaka Rangi alikuja, mafundi wengine wawili tu ndio waliomfuata. Saidia Fundi alikuja pia. Kaunta buku mpya haina safu ya mzunguko wa kasi, lakini kila Jumapili yeye bado anaandika jina pembeni kwa penseli, na mimi sijamkataza.